Jinsi Jabiri bin Shomari Alivyokihitimu Kitabu cha Punda

Kaeni kitako, enyi wana wa Buguruni na Temeke, na nyie mliotandaa njia ya Pugu mpaka Gongo la Mboto, na nyie wa Kimbiji ng'ambo ya maji ambao habari huwafikia ikiwa imekwisha kuchacha. Mwenye masikio ayatege, na mwenye karanga mdomoni atafune taratibu, kwa maana habari hii ni nzito na haitaki kelele. Sikuja kuwasimulia masultani waliojenga ngome, wala majemadari waliovuka mito na majeshi yao. Hao wanao waandishi wao, na sifa zao zimeimbwa mpaka zimechakaa. Nimekuja kumtaja Jabiri bin Shomari, mpiga ngoma kuu, nguzo ya gwaride, mshindo wa Buguruni, mwenye miaka kumi na miwili na meno mawili ya mbele yaliyoachana, ambaye katika mwaka wa hamsini na moja, enzi ya Mwingereza, baina ya Jumatatu na Alhamisi, alisoma kitabu kimoja. Kitabu kilikuwa na kurasa ishirini na nne, na nyingi zilikuwa na picha.

Msicheke. Wapo wanaume wenye ndevu zao waliopigana vita na Mjapani mpaka Bama, wakarudi na nishani kifuani, na hata leo ukiwapa kitabu wanakigeuza geuza, wanakupa mkono, wanakuaga. Kila mtu ana vita vyake, na vya Jabiri vilikuwa hivyo.

Na mie ni nani hata niaminiwe? Mie ni Fransis, niliyekaa naye dawati moja, na katika jambo hili nilikuwa adui yake. Mtu akisifiwa na bibi yake, punguzeni nusu; akisifiwa na adui yake, chukueni yote kama yalivyo.

Shule yetu ilikuwa ya makuti, vyumba viwili na uwanja, na mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba, mrefu hata alipoingia darasani mlango ulimwinamisha kichwa asubuhi na mchana. Mwalimu huyu alikuwa na sanduku la mbao lililokuja na chai, na ndani yake vitabu kumi na kimoja vya hadithi, alivyoviomba huku na huko kwa barua za adabu, akavivika kila kimoja karatasi ya kaki kwa mikono yake. Kila Jumatatu alilifungua sanduku lile mbele yetu na kutukaribisha, na kila Jumatatu tulilitazama kama wageni wanavyotazama chakula wasichokijua. Nilikuwa nikiazima mie peke yangu. Nilikuwa nimevimaliza vyote kumi na kimoja, na vingine mara mbili, na kila nikimaliza nilihakikisha darasa zima limejua.

Jabiri hakuwahi kuazima hata kimoja. Wala msidhani alikuwa mjinga. Huyu alikuwa amesoma chuo cha Kurani tangu ana miaka mitano, akauhitimu msahafu akiwa na kumi, akabebwa mabegani kutoka kwa mwalimu wake mpaka nyumbani huku ubani ukifuka na visheti vikirushwa, na wazee wakisema sauti hii ni neema. Herufi zetu za shuleni pia alizijua. Ukimwandikia neno ubaoni alilisoma. Bali kitabu hakukitaka. Zikifika saa za kusoma kimya, damu ilimtoka puani bila kupigwa, au mtungi wa maji ulikuwa mtupu na yeye tu ndiye aliyeona, au mbuzi wa jirani alikuwa ameingia shambani kwa mwalimu. Nilimsikia mara moja akisema kwamba kusoma karatasi ni kama kuletewa barua na mtu aliye chumba cha pili: kama ana neno, kwa nini asije akasema?

Lakini mpeni ngoma. Enyi wasikilizaji, mpeni Jabiri ile ngoma kubwa ya shule, yenye ngozi mbili na mkanda wa kuvalia shingoni, na hapo ndipo mngemjua. Alipoipiga, kuku waliacha kuparura, na vijana waliokuwa wakienda zao sokoni walijikuta wanakwenda kwa hatua. Aliirithi mikono ile kwa baba yake, Mzee Shomari, aliyekuwa mpiga ngoma wa beni, ile ngoma ya kuandamana kwa gwaride, hapo zamani, na sasa alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Ngerengere, akija nyumbani mara moja kwa mwaka. Na barua yake ilikuwa imefika: Jumamosi atashuka kwa treni, na kabla ya kwenda nyumbani kula atapita uwanja wa Ilala, ambako shule zitashindana kwa gwaride, amwone mwanawe akipiga. Hakuwa amewahi kumwona akiipiga ngoma hata siku moja. Jabiri aliibeba barua ile mfukoni wiki mbili, mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Sasa yasikilizeni yaliyotokea Jumatatu. Mwalimu Revelian alifungua sanduku lake, akakaribisha, hapakunyanyuka mkono. Akamwomba Jabiri ataje kitabu kimoja tu kati ya vile anachokijua. Jabiri akafikiri sana, akasema anakijua kile cha kaki. Vyote vilikuwa vya kaki. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka. Akalifunga sanduku, akanyanyuka mpaka kichwa kikagusa kuti, akatoa hukumu ambayo mie niliisikia kwa furaha hata leo naona haya.

"Jabiri bin Shomari," alisema, "mikono yako imeitumikia shule hii kwa heshima, na macho yako hayajaifanyia kazi hata ya siku moja. Wewe ni kama punda: nimekuvuta, nimekusukuma, nimekuonyesha majani, hukwenda. Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, utasimama mbele ya wenzako na kutueleza kitabu kizima, ulichokisoma mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Ukishindwa, Jumamosi ngoma ataivaa Fransis."

Nilinyoosha mgongo. Ngoma ile niliitamani kuliko kitu chochote chini ya jua, ingawa kusema kweli niliipiga kama mtu anayebisha hodi mahali asipojulikana. Nilimtazama Jabiri. Mkono wake ulikuwa umekwenda mfukoni, kwenye barua ya baba yake, na ukabaki humo.

Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa. Shujaa hakulia, wala hakuomba msamaha. Alilisogelea sanduku, akavipima vitabu kimoja kimoja kiganjani kama mama anayechagua nyanya, akachukua chembamba kupita vyote, akakisunda kwapani na kutoka. Hakusoma jina lake, kwa kuwa kaki ilifunika mbele na nyuma sawasawa, na ukurasa wa jina ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa.

Uwanja wa vita ulikuwa baraza ya duka la Kutbuddin. Kutbuddin alikuwa Mhindi wa Kibohora, amezaliwa Buguruni hapo hapo, na duka lake lilikuwa na milango miwili na kivuli kizuri kupita vyote vya njia ya Pugu. Jabiri alikalia gunia la mchele, akaweka kitabu gotini, akapiga bismillahi, akakifungua. Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo lilipotendeka kosa ambalo mie nisingelitenda kamwe, kwa sababu mie nilibatizwa Msimbazi na chuo cha Kurani nilikiona kwa dirishani tu. Kwa mtu aliyekaa na msahafu miaka mitano, kitabu kina mlango mmoja, na mlango huo uko kulia. Jabiri aliupeleka mgongo wa kitabu mkono wa kulia, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa kwanza, akainua jalada, akaingia. Mistari yenyewe aliisoma sawa, kutoka kushoto kwenda kulia, kama tulivyosoma ubaoni. Ila hakuna aliyepata kumwonyesha mlango wa kitabu cha shule uko wapi, kwa sababu hakuna aliyepata kumwona akifungua kimoja.

Akaingilia ukurasa wa ishirini na nne. Kila ukurasa ulikuwa na picha juu na maneno machache chini, na kila ukurasa ulijitosheleza. Akasoma kwa sauti, maana hakujua kusoma kimya, kidole kikifuata neno kwa neno: "Basi mfalme, maji yakimchuruzika masikioni, akavua kofia yake, akamwinamia punda mbele ya watu wote."

Jabiri akainua kidole. Akaitazama picha. Ilikuwa kweli, mfalme alikuwa amelowa chapachapa na punda alikuwa anatazama pembeni.

Ndani ya duka, Kutbuddin alikuwa anapima sukari. Mkono wake ulisimama na kijiko hewani. Akamwuliza Jabiri anasoma habari gani hiyo, na ni mfalme wa wapi huyo anayevulia punda kofia. Jabiri akajibu kwamba hajui, ndiyo kwanza anaanza. Kutbuddin akatoka mpaka mlangoni kutazama kama kitabu kinasomwa vizuri, akakiona kimefunguliwa kutoka kulia, akaridhika, kwa kuwa vitabu vya dini vya jamaa zake vilianzia kulia vilevile.

"Endelea," alisema. "Mfalme halowi bila sababu."

Jabiri akaendelea. Akafunua, akaona upande wa kulia ishirini na tatu na upande wa kushoto ishirini na mbili, akazisoma kwa zamu hiyo. Mfalme alikuwa amepanda kutoka mtoni kwa kushika mkia wa punda. Na kabla ya kupanda, alikuwa ananing'inia. Kwa nini ananing'inia? Funua. Daraja limevunjika. Kwa nini yeye peke yake ndiye aliyekuwa juu ya daraja? Funua. Hivyo kila ukurasa ulimrushia swali, na jibu la swali lilikaa ukurasa wa pili yake, na nyuma ya jibu palikuwa na swali jingine limejibanza. Mpaka jua linateremka alikuwa amefika ukurasa wa kumi na saba, amekaukiwa na koo, na mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa alikuwa bado amekaa barazani na chupa tupu.

Tena Jabiri aligundua jambo ambalo lilimpendeza sana. Aliziona namba zinashuka. Akamweleza Kutbuddin kwamba mwandishi wa kitabu hiki ni muungwana, hamfichi msomaji. Kila ukurasa anakuambia zimebaki ngapi. Kutbuddin akakubali kwamba hiyo ni biashara ya wazi.

Jumanne, alipofika, watu sita walikuwa wanamngoja. Jumatano walikuwa kumi na tisa, na Kutbuddin alikuwa ametoa mkeka. Mie nilipita upande wa pili wa barabara nikiwa nimetumwa chumvi, nikamwona adui yangu amekaa juu ya gunia, kitabu kikiwa gotini, na watu wazima wamemkodolea macho. Chumvi niliisahau, nikapigwa nyumbani. Lakini sikukaribia kusikiliza; nilikuwa na kiburi, na kitabu kile cha punda nilikuwa nimekisoma mara mbili.

Siku hiyo ya Jumatano Jabiri aliteremka kwa kasi. Daraja lilikuwa bovu kumbe, limeliwa na mchwa, na punda alikuwa amelala mbele yake kuzuia njia, na maaskari kumi wa mfalme walikuwa wamemvuta wasimtikise. Alifikaje pale darajani? Mfinyanzi alimfunga hapo akamwacha. Kwa nini amwache? Kwa sababu alimpakia vyungu thelathini, punda akaketi, vyungu vikaisha. Mfinyanzi alimpata wapi? Alipewa bure na bwana wake wa kwanza. Nani anampa mtu punda bure? Mtu aliyemvuta kwa kamba, akamsukuma na watoto wake watano, akamwonyesha majani mabichi na mabua ya mtama, na punda hakunyanyua ukwato. Hapo ndipo ukurasa wa pili ulipokwisha. Watu waliobaki na midomo wazi waliuliza kwa pamoja huyu punda alikuwa na nini.

Jibu lilikuwa ukurasa uliobaki, namba moja. Jabiri akakifunga kitabu.

Baraza nzima ilipiga kelele. Kutbuddin, mtu mzima, mwenye duka na wajukuu, alimshika mkono na kumsihi. Lakini shujaa alisimama juu ya gunia, akawahutubia, na maneno yake niliyapata kwa mashahidi watatu wanaoafikiana.

"Jamani, nisameheni. Mie nimefundishwa kwamba anayehitimu, kipande cha mwisho hakisomi njiani. Anakwenda kukisoma mbele ya mwalimu wake, na watu wake wakisikiliza. Kesho saa nne."

Desturi ni desturi, na waliokuwapo wengi walikuwa wamehitimu hivyo hivyo. Walitawanyika wakinung'unika, na Jabiri akaenda kwa bibi yake, Mwanabaraka binti Jabiri, ambaye ndiye aliyekuwa anamlea, akamwambia kesho anahitimu kitabu. Bibi hakuuliza kitabu gani. Aliuliza saa ngapi, kisha akaanza kukanda unga.

Alhamisi ikapambazuka. Saa tatu na nusu uwanja wa shule ulikuwa na watu ambao Mwalimu Revelian hakuwa amewaalika. Alikuwapo mama wa mafuta ya taa. Walikuwapo wapagazi wawili wa sokoni. Alikuwapo Kutbuddin amevaa kofia yake nyeupe ya sherehe, akiwa amefunga mlango mmoja wa duka lake kati ya miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa homa. Na mbele yao wote, juu ya kigoda chini ya dirisha, alikaa Bibi Mwanabaraka na sinia la visheti limefunikwa kawa, na chetezo cha ubani miguuni. Mwalimu alitoka nje akawaamkia wakubwa shikamoo, akauliza kwa adabu kuna nini. Bibi akamjibu kwamba mume wake anahitimu. Mwalimu alimtafuta huyo mume asimwone, mpaka tukamweleza kwamba bibi wa pwani humwita mjukuu wake hivyo.

Ilipofika saa nne Jabiri akasimama mbele. Akaanza. Akatueleza habari ya mfalme aliyelowa, aliyemvulia punda kofia. Kisha kwa nini alilowa. Kisha kwa nini daraja lilivunjika. Nikasikiliza kwa dakika moja, mbili, na furaha ikanipanda kutoka miguuni. Nikanyoosha mkono. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Mwalimu," nilisema, na niliitoa sauti yote ya adui aliyeona ufa katika ngome, "huyu amekisoma kitabu kinyume. Ameanzia mwisho. Wewe ulitamka kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, na darasa zima ni shahidi. Yeye amesoma mwisho hadi mwanzo, na hilo si lile. Naomba ngoma."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Wengine walipiga madawati. Jabiri alikitazama kitabu mkononi, akakigeuza, akakigeuza tena, na mie niliyekuwa karibu naye nikaona lilivyomwingia, kwamba mlango aliouingia ulikuwa wa uani. Mkono wake ukaenda mfukoni kwenye ile barua. Nitasema lililo kweli: wakati ule nilitaka aaibike, na alipoaibika sikupenda.

Mwalimu Revelian alikichukua kitabu, akauliza alikishikaje. Jabiri akamwonyesha, mgongo kulia. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba mlango aliufungua aliofunzwa, na kuhusu zile namba akasema alidhani ni hesabu ya zilizobaki. Kicheko kikarudi maradufu, na kingeendelea, lakini pale dirishani ilisikika sauti ya mtu mzima akikohoa kwa kusudi.

"Mwalimu, samahani," alisema Kutbuddin. "Hukumu utatoa, shule ni yako. Lakini ukurasa mmoja umebaki, na mie nimefunga mlango wa duka. Acha kwanza tujue yule punda alikuwa na nini."

Na hapo likatokea jambo ambalo katika shule ile halikuwa limewahi kutokea tangu makuti yake ya kwanza. Darasa likanyamaza. Wale wale waliokuwa wanacheka, wale wale waliolitazama sanduku mwaka mzima pasipo kunyanyua mkono, waliinama mbele kwenye madawati yao. Mmoja nyuma akasema ndiyo, punda alikuwa na nini? Mwingine akauliza, kwani mfalme hakumpiga? Mwalimu aliwatazama kwa zamu, kama mtu aliyebisha nyumba siku nyingi na leo amesikia komeo likitoka. Akamrudishia Jabiri kitabu.

"Hitimu," alisema.

Jabiri akakishika kwa mikono miwili. Bibi yake akatia ubani makaani, moshi ukaingia dirishani. Shujaa akafungua ukurasa wa kwanza, kwake ukiwa wa mwisho, akaweka kidole, akausoma kwa ile sauti yake ya chuoni iliyowaliza wazee:

"Hapo kale palikuwa na punda ambaye hakutaka kwenda. Watu walimvuta, watu walimsukuma, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwa nini."

Enyi wasikilizaji, nimekwisha kuwaambia kwamba kitabu kile nilikisoma mara mbili. Nililipita neno lile mara mbili, mbio, nikitafuta mwisho ili niseme nimemaliza. Siku ile nililisikia mara ya kwanza. Na aliyelisikia kuliko mie alikuwa Mwalimu Revelian, maana alikaa juu ya sanduku lake la chai, magoti yakamfika kidevuni, akabaki hapo na moshi wa ubani ukimzunguka.

"Jabiri," alisema, "mimi Jumatatu nilikuita punda."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sikukuuliza. Kwa nini ulikuwa hutaki vitabu?"

Jabiri alifikiri kama alivyofikiri ile Jumatatu, lakini safari hii alikuwa na jibu. "Sikujua kama mna watu humo ndani," alisema.

Hukumu ikatolewa pale pale, na ilikuwa fupi. Mwalimu alisema aliagiza kitabu kizima, na kitabu ni kizima hata ukiingia kwa uani. Kwamba kurasa ishirini na nne zimesomwa zote na hakuna iliyorukwa. Na kwamba Fransis amesema kweli tupu, akae chini. Nikakaa. Ngoma ikabaki ilipokuwa. Bibi Mwanabaraka akapiga kigelegele, akafunua kawa, na visheti vikaanza kuruka dirishani kuingia darasani, kimoja kikanipiga mie kwenye paji la uso, nikakila. Wapagazi wa sokoni walimnyanyua Jabiri mabegani wakamtoa nje wakiimba, na Kutbuddin alikuwa mbele yao amebeba chetezo. Wakamzungusha uwanja mzima mara tatu kwa sababu ya punda.

Mie nilibaki ndani na baadhi ya wenzangu. Tulikuwa tisa, tumelizingira sanduku, na kila mtu alikuwa anatafuta kitabu kingine cha kufungulia kulia. Mwalimu hakumkataza yeyote. Nilichukua kimoja nilichokuwa nimekwisha kukimaliza, nikaanzia mwisho, na nikachelewa kwenda kula.

Jumamosi tulikwenda Ilala. Mzee Shomari alikuwa pale kwenye kamba, na vumbi la treni mabegani na kikapu cha machungwa mkononi, na tulipopita mbele yake alianza kupiga hatua mahali aliposimama, machungwa yakidunda kikapuni, mpaka gwaride likapita na yeye bado anakwenda. Katika shule tano tulikuwa wa nne. Mie nilipewa kupiga kengele ndogo ya pembetatu, na sikuikosea hata mara moja.

Basi majemadari wabaki na mito yao, na masultani na ngome zao. Watoto wa Buguruni wakiulizwa ni tukio gani kubwa lililotokea mwaka ule wa hamsini na moja, wajibu wala wasione haya, kwamba siku ya Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, mbele ya mwalimu wake na bibi yake na mwenye duka aliyefunga mlango mmoja, Jabiri bin Shomari alifika ukurasa wa kwanza.